Beetle ya Staa: Rangi Kali, Usukani Unacheza

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kila wiki anatupostia Beetle yake ya zamani. Rangi mpya, rimu zinawaka, pua imeshushwa inakaribia lami. Ila nimeipanda: mwendo wa 60 tu, usukani unacheza! Eti anasubiri vifaa vya mamilioni toka Ulaya. Vya nini jamani? Beetle ina tairodi endi nne, na nyingi zina kashokapu ka usukani. Badili hivyo vilivyochoka kwanza, weka shokapu mpya za mbele, piga grisi, fundi aikaze kidogo steringi boksi, halafu alaimenti. Hapo wengi wanamaliza. Na asithubutu kuishusha tena, maana humo ndo anampelekea mwanae shule.