Namba Iliyofutwa kwa Tupa

Nilianza kushika spana mwaka 2011 pale Mombo, kwenye gereji iliyokuwa chini ya mwarobaini, karibu na barabara inayopanda Lushoto. Mombo ni tambarare na joto lake ni kali. Lushoto iko juu milimani, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na kati ya miji hiyo miwili ni kona baada ya kona mpaka Soni na kuendelea. Vijana wa bodaboda walipanda na abiria na saruji, wakashuka na matenga ya kabichi na plamu. Wengi walikuwa na pikipiki za Kichina za 125, na mlima ukiwashinda walikuja kwetu.

Injini zile zilitokana na Honda CG125 ya miaka ya 1970. Honda waliitengeneza kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na kuonana na fundi kwa nadra, ndiyo maana wakaweka pushirodi badala ya mnyororo wa taimingi. Viwanda vya China vikaiiga, kisha vikaikuza. Ile ya 125 ina kipenyo cha silinda cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Ya 150 husafiri umbali uleule, ila kipenyo chake ni milimita 62. Krenki basi haikuguswa. Tulitoa bloku, pistoni na ringi za 125, tukafunga za 150. Injini nyingine zilitaka mdomo wa krenkesi utanuliwe kwanza. Cc 124 zikawa 149, nyongeza ya asilimia 20, na kijana akapanda Soni bila kushuka gia ya kwanza.

Kazi ya kufunga ilichukua nusu siku. Kazi ya kuficha ndiyo iliyotaka ufundi.

Madereva wengi hawakuwa wenye pikipiki. Kila jioni walipeleka hesabu kwa bosi, na bosi hakutaka injini yake ifunguliwe. Kwa hiyo fundi wangu, mzee niliyemheshimu kama baba, alinifundisha kufuta. Bloku ya 150 ilikuja na namba yake ubavuni, nami niliilamba kwa tupa mpaka ikatoweka, nikapitisha msasa, nikapuliza rangi ya fedha. Rangi ilipokauka nilipaka grisi na vumbi la barabarani ili bloku ifanane na umri wa injini. Nati za zamani zilirudi mahali pake, kwa sababu nati mpya inang'aa na inasema. Stika ya 125 kwenye kava hatukuigusa.

Namba ya injini nayo tuliiacha, kwa kuwa imegongwa kwenye krenkesi, siyo kwenye bloku. Kwenye injini hizi ilianza na 156FMI. Moja ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo kwa milimita, na herufi ya mwisho huonyesha daraja la 125. Ya 150 huandikwa 162FMJ. Bosi alilinganisha namba na kadi ya pikipiki, vikaoana, akaridhika. Injini ilisema 56 kwa nje, ndani ilikuwa 62. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliona fahari kubwa.

Fahari hiyo ilikufa siku moja ya masika. Kijana tusiyemfahamu aliletwa na wenzake, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao, na pikipiki yake juu ya kirikuu. Alikuwa ameinunua mkononi kwa mtu, kwa bei ya 125. Alipokuwa akishuka na mzigo pistoni ilishika, gurudumu la nyuma likajifunga, akaenda mtaroni. Wenzake walimpeleka hospitali, pikipiki wakatuachia. Tulipoifungua tulikuta kabureta ni ileile ya 125, na jeti yake haikuwahi kubadilishwa. Bloku kubwa ilikuwa ikipumua hewa nyingi mno kwa petroli iliyopita kwenye jeti hiyo, ikiungua kidogo kidogo kila ilipopanda. Breki ya mbele ilikuwa ile ya ngoma iliyokuja nayo kiwandani.

Mzee alipitisha kidole ubavuni mwa bloku, mahali palipokuwa na namba. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hii tupa ni yetu."

Yule aliyetulipa alikuwa ameshauza na kuondoka. Aliyevunjika mguu hakuwahi kuomba nguvu hizo wala kujua kwamba anazo. Sisi tulidhani tunamficha bosi, kumbe tulimficha kila atakayeipanda na kila fundi atakayeifungua baada yetu.

Kesho yake mzee alinunua daftari. Tangu siku hiyo aliyetaka bloku kubwa alikuja na mwenye pikipiki, au hakufungiwa. Jeti ilibadilishwa, breki zikakaguliwa, na namba ya bloku ikaachwa isomeke. Ndani ya kava la pembeni tuliandika kwa rangi tarehe na saizi ya pistoni. Tulipoteza wateja, maana walikuwepo waliovuka barabara kwenda kwa wenye tupa.

Baadaye pikipiki za 150 kutoka kiwandani zikajaa vijiweni, Boxer na nyinginezo, na haja ya kuficha ikapungua. Haikwisha. Bado nafungua injini zilizonunuliwa mkononi, nikakuta ubavu laini usio na namba, na mwenye nayo akinishangaa ninapomwambia ringi alizoleta haziingii.

Fundi mwenzangu, ukiongeza nguvu, iandike. Mwambie mwenye mali, mwambie aende kadi irekebishwe, na uguse breki kabla hujapokea pesa. Nawe unayenunua pikipiki iliyotumika, usiishie kulinganisha namba na kadi. Tazama ubavu wa bloku. Ukikuta umelambwa, mlipe fundi afungue hedi na apime pistoni mbele yako. Kama krenkesi inasema 56 na kipimo kinasema 62, aliyekuuzia ana la kukueleza kabla hujaipandisha mlimani.