Mchagua Jembe

Kuna methali niliyoitumia vibaya, na aliyeumia kwayo ni binti yangu.

Sisi ni watu wa Unguja tunaoishi Toronto, ambako barafu kwa watoto ni kama ufukwe ulivyokuwa kwetu. Alipofika miaka 11 binti yangu alikuwa ameushika barabara ule mchezo wa kuteleza kwa madaha, wa kuzunguka na kuruka juu ya chuma chembamba, nami nikamnunulia viatu vipya. Katika daraja aliyofikia, kiatu huuzwa mbali na chuma chake mbali, kisha fundi huviunganisha kwa skrubu.

Tangu siku ya kwanza mguu wake wa kushoto ulimkataa. Kila akiusimamia peke yake alivutwa upande wa ndani, na kila akiruka alianguka. "Baba, mguu haunisikii," aliniambia. Nikamjibu: "Mchagua jembe si mkulima." Nilikuwa nimelipa fedha nyingi, wala sikutaka kusikia kwamba kasoro ilikuwa katika nilichokilipia. Akanyamaza. Baada ya wiki 6 akaanza kutafuta visingizio vya kutokwenda.

Aliyetutanzua ni mzee mmoja anoaye vyuma pale uwanjani. Hakutaka kumwona mtoto akiruka. Alimwomba ateleze polepole kwa mguu mmoja, mwili wima, kisha akainama kuusoma mstari ulioachwa juu ya barafu. Ulikuwa umepinda kwa ndani. Akakipindua kiatu, akatuonyesha: chuma kilifungwa nje kidogo ya njia yake, ambayo hutoka katikati ya kisigino hadi baina ya dole gumba na kidole cha pili. Kosa halikuzidi milimita 3. Lakini chuma chenyewe kina unene wa milimita 4 hivi, na chini yake kimechimbwa mfereji unaoacha makali mawili, ya ndani na ya nje. Uzito usipotua juu yake sawasawa, mtoto hana budi kulalia upande mmoja, hata awe hodari vipi.

Akatueleza jinsi kazi hiyo inavyostahili kufanywa. Chuma huwa na matundu ya namna mbili, marefu na ya duara. Kwanza hutiwa skrubu chache katika yale marefu, ili chuma kiweze kusogezwa huku na huku. Mtoto hutelezea kwa siku kadhaa, fundi husogeza, wakajaribu tena. Mstari ukishanyooka ndipo skrubu za matundu ya duara hutiwa na kukazwa. Soli isiyokaa bapa huwekewa kipande cha ngozi, kwani skrubu ikilazimishwa hukipinda chuma chenyewe. Na soli ikiwa ya ngozi hupakwa nta au vanishi, maji yasije yakaozesha matundu. Viatu vyetu vilikazwa skrubu zote siku ile ile, nami nilimshukuru aliyevifunga kwa wepesi wake.

Hadi mwaka 1990 mashindano ya dunia ya mchezo huu yalikuwa na sehemu ya kuchora maduara juu ya barafu, na waamuzi wakiinama kuyakagua. Sehemu hiyo iliondolewa, lakini barafu haikuacha kuandika. Mimi ndiye niliyekuwa sisomi.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala. Akisema kwamba mlango ukijifungua wenyewe usiupige teke, tazama bawaba. Nililelewa kwa maneno hayo, na siku nilipoyahitaji nikayasahau.

Mzee alifungua skrubu, akaziba matundu ya awali kwa vijiti vya mti na gundi, akakisogeza chuma ndani kidogo. Tuliporudi siku nyingine binti yangu aliteleza, na nyuma yake mstari ukanyooka. Nilitaraji ashangilie. Alikuja hadi ukingoni, akanitazama: "Nilikwambia, Baba."

Nikamtaka radhi pale pale, mbele ya mzee yule.

Methali siilaumu, wavivu wa kuchagua majembe wapo. Ila kabla ya kumtupia mtoto, aliyelinunua jembe na autazame kwanza mpini.