Fungu la Chama

Baba alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960. Alikata mkonge Lindi kwa muda, kisha akaja Dar es Salaam, akapanga chumba Temeke na kuchonga vinyago uani kama Wamakonde wenzake waliotoka ng'ambo ile.

Kazi yangu ilikuwa msasa. Tezo ikishatoa umbo, patasi ikishachimba macho na vidole, nilipewa kinyago nisugue mpaka weusi wa mpingo uanze kung'aa. Vumbi lake huwasha pua, na ganda jeupe la nje lililochongwa likatupwa ndilo tulilopikia.

Wamakonde wengi walikuwa wanachama wa MANU, chama cha kudai uhuru wa Msumbiji, na baba pia. MANU ilipoungana na vyama vingine viwili hapa Dar, Juni 1962, ikazaliwa FRELIMO, naye akaingia. Tangu hapo kinyago kikiuzwa, fungu la chama lilitengwa kwanza, kabla ya unga na kodi ya chumba. Mama alilalamika, na haki alikuwa nayo. Baba alimjibu, "Mama Tatu, na wale vijana wapiganaji walioko kambini Nachingwea wale nini?"

Ukombozi wa Msumbiji husimuliwa kwa majina ya makamanda na marais. Wanastahili. Lakini niliona kwa macho yangu noti zilizochakaa zikihesabiwa mkekani, na waliozitoa hawakuwa na hata kitanda cha maana. Nataka nao waandikwe.

Februari 1969 bomu lililofichwa ndani ya kitabu likamuua Mondlane, rais wa FRELIMO, Oyster Bay. Baba alinibeba mabegani hadi makaburi ya Kinondoni. Watu walikuwa wengi mno. Nilimwona Mwalimu Nyerere kwa mbali, na nilisikia mabega ya baba yakitetemeka chini yangu.

Uhuru wa Msumbiji ulipofika, Juni 25, 1975, majirani walifunga mizigo. Sisi tulibaki: kiwanja kilikuwa hapa, shule yetu hapa. Ila kila aliyekwenda Mueda alibebeshwa kitu, tezo na tupa kwa wapwa, sabuni, madaftari. Vita kati ya serikali na waasi wa RENAMO vikaja kuvuruga safari hizo. Mkataba wa amani uliposainiwa Roma, Oktoba 1992, baba alikuwa mzee, miguu imekwisha. Akauza vinyago vyake vyote vilivyobaki, akanikabidhi pesa na orodha ya ndugu, akaniambia nivuke mimi.