Huru na Bure

Kiswahili kina bahati ya kutenga mambo mawili ambayo Kiingereza huyabeba kwa neno moja: huru na bure. Kitu cha bure ni kile kisichodai fedha. Kitu huru ni kile ambacho mwenye nacho ana idhini ya kukifungua, kukichunguza, kukirekebisha na kumgawia jirani. Hiyo ndiyo hoja yangu ninapoutetea mfumo endeshi wa Linux katika vyuo vyetu.

Mkulima wa Njombe ataielewa hoja hii upesi kuliko msomi. Avunapo viazi hutenga vingine kwa mbegu, na akipenda humpa jirani naye apande. Lakini mbegu ya mahindi chotara huinunua kila msimu, maana akipanda ya ghalani mavuno hupungua. Programu nyingi za kompyuta ni mithili ya mbegu hiyo ya pili, ila kizuizi chake hakikuwekwa na maumbile bali na mkataba.

Nimekaa Makambako, pale reli ya TAZARA ikutanapo na barabara za Iringa, Mbeya na Songea, nikawaona wanafunzi wakienda kuchapisha kazi zao. Aghalabu kompyuta waliyoitumia ilikuwa na mfumo ulionakiliwa pasipo idhini. Ufukara huufanya wizi uonekane desturi. Lakini chuo kimwadhibucho mwanafunzi kwa kunakili insha ya mwenzake hakiwezi kuifumbia macho nakala hii.

Linux ilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Basi ni mzaliwa wa chuo. Nasi hatukuwa watazamaji tu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huru ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Watafsiri hawakuhitaji kubisha hodi kwa tajiri yeyote. Mlango ulikuwa wazi.

Huambiwa kwamba ofisi nyingi hutumia Windows. Ni kweli. Lakini aliyefundishwa jinsi mashine ifanyavyo kazi hubadili chombo bila taabu. Aliyefundishwa pa kubonyeza tu hupotea kitufe kihamapo.

Hata hivyo, mfumo huru usio na fundi ni shamba lisilo na mkulima. Basi kila chuo na kianze na chumba kimoja cha kompyuta na fundi mmoja aliyefunzwa vema. Fedha ya leseni itakayosalia na iwe sehemu ya mshahara wake.