Noli, Dhamira na Kesi ya Kutajwa

Mwishoni mwa miaka ya themanini, mtu wa Ufipa mwenye kesi mjini Sumbawanga alianza safari jana yake. Waliotoka Laela au Mpui walidandia lori la mahindi kwenye barabara ya vumbi. Wa vijiji vya karibu walikuja alfajiri kwa baiskeli, wamevaa makabuti, maana mwezi wa sita upepo unaotoka milima ya Mbizi haumwonei mtu huruma. Saa mbili baraza la mahakama lilikuwa limeshajaa. Watu walikunywa uji wa ulezi wa akina mama waliokaa chini ya mikaratusi, wakimsubiri hakimu na kumtafuta baba yangu mdogo.

Baba mdogo alikuwa karani na mkalimani. Alipita seminari ya Kaengesa, akatoka kabla ya kufika mbali, lakini Kilatini kilimbaki kichwani. Mimi nilikuwa sekondari, nikiishi kwake, na siku za likizo nilimsaidia kubeba majalada. Askari akishapaza sauti, “Koooorti!”, wote tukasimama, mimi nilijibanza benchi la nyuma na kusikiliza.

Kilichonishangaza kwanza ni ukimya. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliruhusu shauri la mahakama ya wilaya kusikilizwa kwa Kiswahili, ila kumbukumbu na hukumu ziandikwe kwa Kiingereza. Hakimu aliandika yote kwa mkono. Shahidi alisema sentensi moja, akanyamaza, akaikodolea macho kalamu mpaka isimame, ndipo akaendelea. Akija bibi asiyejua ila Kifipa, baba mdogo aliyapokea maneno yake, akayatoa kwa Kiswahili, na hakimu akayashusha karatasini kwa Kiingereza. Bibi aliapa kusema kweli, lakini kweli iliyobaki jaladani hakuweza kuisoma yeye wala mwanawe.

Katika Kiingereza hicho mlikuwa na maneno ambayo hata Mwingereza wa mtaani asingeyaelewa. Nilimuuliza baba mdogo yametoka wapi. Alinionyesha tarehe katika sheria yetu wenyewe: 22 Julai 1920. Sheria ya 1961, ya mwaka uleule wa uhuru, inaelekeza kwamba pale sheria zetu zisipotosha, mahakama zifuate sheria ya kimazoea ya Uingereza na kanuni zake za haki, pamoja na sheria zake za jumla zilizokuwepo siku hiyo. Makosa ya jinai nayo yalihukumiwa kwa kanuni zilizoletwa kutoka India, hadi tulipopata Kanuni ya Adhabu ya 1930. Kwa hiyo maneno hayo yalitufikia yakiwa na umri wa karne kadhaa.

Lililojulikana kuliko yote lilikuwa noli. Kwa Kilatini ni nolle prosequi, kutotaka kuendelea na mashtaka, na lilikuwa katika kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985. Asubuhi moja kijana wa kesi ya ng'ombe alisimama kizimbani, mama yake nyuma yangu. Mwendesha mashtaka akasoma kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka anaingiza noli. Baba mdogo akatafsiri: Jamhuri haitaki kuendelea na shauri hili kwa sasa. Hakimu akamwachia kijana. Mama akapiga kigelegele kimoja, cha pili kikakatikia kooni, kwa sababu askari wawili walikuwa wamesimama mlangoni na pingu.

Alimfuata baba mdogo barazani. “Baba, si wamesema hawataki?”

“Mama, hawajasema hana kosa. Wamesema leo hawaendelei. Kesho wanaweza kumleta kwa kosa lilelile.”

“Leo analala wapi?”

“Leo analala mahabusu, mama. Kesho kutwa njoo na mdhamini mwenye barua ya mwenyekiti wa kijiji.”

Nimesoma vitabu kadhaa vya sheria tangu siku ile, na bado sijaona noli ikielezwa vizuri zaidi. Lile “kwa sasa” halimo katika Kilatini. Lilitoka katika kifungu cha wakati ule, kilichosema wazi kwamba kuachiwa huko hakuzuii mashtaka mapya kwa mambo yaleyale. Baba mdogo alitafsiri kifungu, akayaacha maneno mawili ya Kilatini yajipitie.

Kesi za mauaji zilimngoja jaji kutoka Mbeya. Akija, mji mzima ulijua. Pembeni yake waliketi wazee wa baraza, ambao siku hizo walisikiliza ushahidi na mwisho wakatoa maoni mmoja mmoja, ingawa jaji hakufungwa nayo. Huko nililisikia neno zito kuliko noli, lile la kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu, ambalo mahakamani tunaliita dhamira ovu. Likithibitika, ni mauaji ya kukusudia, na adhabu yake ni kunyongwa. Lisipothibitika, ni kuua bila kukusudia, na mtu anaweza kurudi kwao siku moja.

Mshtakiwa alimpiga mwenzake kwa mpini wa jembe baada ya ugomvi kilabuni. Mzee mmoja wa baraza alisema hapakuwa na uovu wowote, maana wawili hao walikuwa marafiki na siku ile walikuwa wanakunywa chungu kimoja. Jaji alimsikiliza kwa heshima, kisha akaeleza kwamba sheria haiulizi kama walichukiana. Inauliza kama mpigaji alikusudia kuua au kuumiza vibaya, au alijua kwamba pigo lile laweza kuleta hayo. Unaweza kumuua umpendaye na dhamira ovu ikawepo kisheria. Mwishowe jaji alikubaliana na wazee kuhusu matokeo, kwa sababu tofauti kabisa na zao: ugomvi ule ulizuka ghafla.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili mambo, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi, na sina haraka ya kuwacheka waliochelewa. Waingereza wenyewe walihukumiana kwa Kifaransa cha watawala wao baada ya 1066. Sheria ya 1362 iliyoamuru mashauri yasemwe kwa Kiingereza iliandikwa kwa Kifaransa, na ni mwaka 1733 tu ndipo majalada yao yalipoacha Kilatini.

Lakini nikiyakumbuka yale mabaraza, maneno yaliyowasumbua zaidi watu wa Ufipa yalikuwa ya Kiswahili safi. “Kesi yako imekuja kutajwa.” Mtu ameuza debe la maharage kwa ajili ya nauli, anasikia jina lake likisomwa, anapewa tarehe nyingine, anarudi Laela. Au “una kesi ya kujibu”, ambayo wengi waliisikia kama hukumu, kumbe ni hatua tu: ushahidi wa mashtaka unatosha kukutaka ujitetee. Au “msimamizi wa mirathi”, cheo kilichomfanya kaka mkubwa auze ng'ombe wa marehemu akidhani ni wake, wakati sheria ilimpa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Hapo hapakuwa na Kiingereza cha kulaumiwa.

Ndiyo maana sidhani kazi ya baba mdogo imekwisha kwa sababu kamusi imebadilika. Sheria ya Kiswahili nayo itazeeka, itakuwa na noli zake, na tayari inazo. Mahakama itahitaji siku zote mtu wa kutoka nje hadi barazani, akamwambia mwenye kesi nini kimetokea, nini kinafuata, na aje lini na nani. Mtu huyo tumwajiri, tumlipe, na kazi yake iandikwe kwenye kanuni, badala ya kutegemea huruma ya karani mmoja aliyejua Kilatini.