Tuliyojifunza Mama Yetu Alipobadilishwa Goti



Wengi mmetuuliza hali ya mama yetu tangu mlipomuona kwenye harusi ya mdogo wetu amekaa kitini, wakati mama wa bibi harusi kwa kawaida husimama mlangoni kupokea wageni. Alhamdulillah, Mama ni mzima, na mwenyewe ameturuhusu tuandike. Ametuambia, "Waandikieni wenzenu, lakini msinifanye malaika. Na nyinyi msijifanye malaika." Basi tunaanza na kosa letu.

Sisi ni watoto wa kike watatu. Mama ana maradhi ya sukari kwa miaka mingi, na goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, mfupa unasuguana na mfupa. Anakaa kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa ya tatu, na zile ngazi zilikuwa adhabu. Akishuka asubuhi, hapandi tena mpaka jioni. Mdogo wetu alipoposwa na harusi ikapangwa mfunguo mosi, Mama alikuwa na ombi moja tu: abadilishwe goti mapema, asimame siku ya nikaha.

Mwezi wa Rajabu tukapanda boti tukaenda Dar es Salaam kumuona daktari wa mifupa. Picha ya goti hakuitazama sana. Aliitazama karatasi ya damu, kipimo kinachoitwa HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa kiasi cha miezi mitatu. Cha Mama kilisoma asilimia 9.6. Daktari akaweka kalamu chini akasema, "Mama, goti lako nitalibadilisha, lakini si kwa sukari hii. Nataka ishuke chini ya 8."

Tulibishana naye. Tukamwambia kuna harusi. Akatueleza taratibu. Sukari ikiwa juu, kinga ya mwili hulegea na kidonda huchelewa kupona. Goti la bandia ni chuma na plastiki, halipitiwi na damu. Vijidudu vikishalishika hujijengea utando, na dawa hupata tabu kuvifikia. Hapo mgonjwa anaweza kurudishwa chumba cha upasuaji akaoshwe goti, au hata litolewe lote na kuanzwa upya. Mama akasikiliza, akajifunga vizuri mtandio wake, akasema, "Basi harusi nitakaa kitini."

Ndani ya boti, wakati wa kurudi, dada yetu mkubwa ndiye aliyeuliza: "Nani anampa Mama vitu vitamu?" Kimya. Halafu tukaanza kusema mmoja mmoja. Mkubwa alikuwa akimpelekea mkate wa kumimina kila Ijumaa. Wa kati akimpitishia juisi ya ukwaju akitoka kazini, ya sukari ya kutosha, kwa sababu Mama hapendi chachu. Bibi harusi mtarajiwa akimuonjesha halua kila anapotoka kuagiza vitu vya shughuli. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na kila mmoja alisema "kidogo tu". Vidogo vitatu, siku baada ya siku, vikafika 9.6. Mama alikuwa anajua. Hakukataa kwa sababu aliona akikataa atatuvunja moyo.

Tuliporudi nyumbani tulinunua daftari. Sukari ikapimwa asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya chakula, na kila tarakimu ikaandikwa, hata ile ya kutia aibu. Sahani ya Mama ikagawiwa: nusu mboga, robo samaki au kuku, robo wali au muhogo. Wali wa nazi hatukuuharamisha, tuliupunguza. Chai ikawa ya tangawizi na mdalasini bila sukari. Daktari wake wa sukari akamuongezea sindano ya insulini ya usiku juu ya vidonge. Akapelekwa kung'olewa jino bovu lililomsumbua kwa muda mrefu, maana uchafu wa meno nao unaweza kusafiri kwenye damu ukafika kwenye goti. Na kila usiku mmoja wetu akawa anamkagua nyayo, hata baina ya vidole.

Kilichomuuma zaidi ni Ramadhani. Daktari alimkataza kufunga, na shehe wetu akamkumbusha kuwa Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa, na kwamba kwa maradhi yasiyotarajiwa kuondoka kuna fidia. Mama alilia. Tukamtolea fidia, lakini futari akakaa nasi kama kawaida, na kaimati tukaacha kuzipika mwaka ule ili asizitazame.

Siku ya harusi alikaa kitini akiwa na kanga yake mpya na udi wake, akapokea wageni wote. Sahani ya halua ilipita mbele yake mara tatu. Aliipitisha kwa mwengine na kuendelea na kahawa yake chungu. Sisi tuliomjua ndio tuliokuwa tunafuta machozi, si kwa bibi harusi, kwa ile sahani.

Baada ya Idi kubwa kipimo kilisoma 7.4. Mfunguo nne akafanyiwa upasuaji.

Hapa tunataka mtusikilize vizuri wenye wagonjwa wa sukari, kwa sababu tulidhani kazi imekwisha. Kabla ya upasuaji tulipewa maelekezo ya maandishi: kidonge gani asimeze asubuhi ile, insulini ya usiku ipunguzwe kiasi gani. Zipo dawa za sukari, zile zinazoitoa sukari kwa njia ya mkojo, ambazo husimamishwa siku tatu au nne kabla. Dozi ya mama yetu msiifuate. Ombeni yenu, iandikwe.

Alipotoka chumba cha upasuaji sukari yake ilikuwa 13, na hakula kitu tangu usiku. Tulishangaa. Muuguzi akatuambia mwili ukikatwa hutoa homoni zinazopandisha sukari, na dawa ya kuzuia kutapika aliyopewa, aina ya steroidi, nayo huipandisha. Walitaka ibaki baina ya 6 na 10 hivi, basi wakawa wanampima kila baada ya saa chache. Wageni wakaja na juisi na soda, kama ilivyo desturi yetu. Tulizipokea kwa shukrani, tukazipeleka kwa wauguzi.

Usiku wa pili ikawa kinyume. Alichomwa insulini, chakula kikaletwa, kichefuchefu kikamshika asile. Mara akaanza kutokwa na jasho, mikono inatetemeka, anatuita majina ya dada zake waliokwishafariki. Wa kati akakimbia kumwita muuguzi. Sukari ilikuwa 3.1. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, akanywa taratibu, baada ya dakika 15 akapimwa tena, ikawa 5.2. Tulikuwa tumeikimbia sukari miezi sita, na usiku ule ndiyo iliyokuwa dawa. Tangu hapo tukajua kuwa hatari iko kote kuwili, juu na chini, na kwamba mgonjwa aliyechomwa insulini asiachwe bila kula wala bila kumwambia muuguzi.

Siku ya kwanza tu baada ya upasuaji walimsimamisha na kigari cha kutembelea. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili, kidonda kikavu, alhamdulillah. Alikaa kwa dada mkubwa, nyumba ya chini, mpaka alipoweza ngazi.

Bado anaswali kitini. Wengi waliobadilishwa goti hupata tabu kulipigia magoti, na daktari hakumdanganya. Lakini wiki iliyopita aliteremka ngazi zake mwenyewe, akaenda Darajani kununua samaki, akarudi akapanda, halafu akatupigia simu sote watatu kutueleza bei ya changu.

Wewe bibi harusi unayeingia nyumba yenye mama mkwe mwenye sukari, najua utataka kumfurahisha kwa ulichofundishwa jikoni kwenu. Muulize kwanza anapimwa lini, na daftari lake liko wapi. Kaa karibu naye akipima. Mapenzi yetu sisi yalikuwa kwenye sahani, na nusura yamkoseshe goti.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atuhifadhie mama zetu. Amin.