Kariakoo, Magari ya Rimoti na Betri Isiyotaka Haraka

Mama msomaji, anayetaka kuijua Kariakoo na aende mwezi wa Desemba. Kina mama kutoka Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto na hata Morogoro hukutana hapo, kila mmoja amekumbatia mkoba wake kifuani, akitafuta nguo, viatu na zawadi za watoto. Mahali hapa palipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hadi leo kazi ya kubeba haijaisha: vijana wa mikokoteni hupita wakipaza sauti, nawe usipopisha utasukumwa.

Desemba iliyopita mimi na kina mama wenzangu watatu wa kanisani tulikwenda huko kununua zawadi za watoto wa Shule ya Jumapili. Tulishuka kwenye mwendokasi kituo cha Gerezani, tukatembea hadi Mtaa wa Kongo. Tulipita karibu na Soko Kuu, jengo lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Soko hilo liliungua Julai 2021. Kwa watu wa Kariakoo moto si hadithi. Wamewahi kusimama barabarani wakiitazama mali yao inateketea.

Katika duka moja la vitu vya kuchezea tulikuta magari ya rimoti, mekundu na ya kijani, yenye magurudumu makubwa kama ya trekta. Muuzaji alilikimbiza moja sakafuni, nasi watu wazima tukacheka kama watoto.

"Mama, hili lina betri ya lithiamu," alisema. "Na nikikupa chaja hii nyingine, dakika ishirini tu limejaa."

Nilitazama. Chaja iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa waya mdogo. Hiyo ya haraka aliitoa kwenye droo, haina maandishi yoyote. Muuguzi amezoea kusoma kibandiko kabla ya kumpa mtu dawa, kwa hiyo niliomba kwanza kuuliza. Pembeni mwa duka, barazani, alikaa fundi wa simu.

"Shikamoo mama," alinisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze habari za betri hizi."

Alinieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Betri ya lithiamu, alisema, ina seli, na kila seli ina volti 3.7, ikijaa kabisa hufika 4.2, wala haipaswi kuzidi hapo. Gari lenye seli mbili lina volti 7.4. Kisha alinionyesha nambari 1500 kwenye betri, yaani miliampea-saa. Betri hiyo ikichajiwa kwa ampea moja na nusu hujaa kwa saa moja na kidogo. Anayetaka ijae kwa dakika ishirini lazima aingize umeme mara tatu ya huo. Zipo betri zilizotengenezwa kustahimili hivyo, nazo huandikwa kiwango chake. Isiyoandikwa isilazimishwe.

"Ni kama mtoto mchanga, mama," alisema. "Ukimshindilia uji, atapaliwa."

Ndivyo ilivyo. Umeme ukiingia kwa kasi kupita kiasi, lithiamu hushindwa kupenya mahali pake ndani ya seli, hujikusanya juu kama utando wa chuma, na seli huharibika. Huweza kuvimba, kupata joto kali na kuwaka moto. Chaja za betri za zamani za nikeli nazo hazifai, kwa maana hazijui lithiamu ijae wapi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Tulinunua magari pamoja na chaja zake za kwenye boksi. Ile ya droo tuliiacha.

Mama mwenzangu, kama gari la namna hii limeingia nyumbani kwako, shika mambo haya. Mtoto akimaliza kucheza, betri iachwe ipoe kwanza ndipo ichajiwe. Ichaji juu ya sakafu ya saruji au vigae, kamwe si juu ya godoro, kochi au zulia. Usiiache inachaji mkiwa mmelala, wala mkienda ibadani. Ikijaa, ichomoe. Ikivimba, usiitumie tena, usiitoboe, wala usiitupe kwenye takataka zinazochomwa uani. Iweke nje penye mchanga mtupu, mbali na watoto, hadi uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Ikianza kutoa moshi, kwanza toa watoto nje, maana moshi wake ni sumu. Zima umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia bila hatari, kisha piga simu 114, Zimamoto. Usirudi ndani kuokoa kochi.

Na mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete au bangili kabla hajavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Tafadhali, usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala ute wa yai. Kina mama wengi hufanya hivyo kwa upendo, lakini vitu hivyo hufungia joto ndani, na sisi wauguzi hulazimika kuvisafisha juu ya kidonda huku mtoto akilia kwa uchungu.

Sisemi tuwanyime watoto furaha. Mtoto anayeendesha gari lake uani anajifunza kupima mwendo na kupokezana na wenzake. Lakini anapaswa kujifunza pia kungoja. Saa moja au mbili za kuchaji ni nafasi nzuri ya kumwita aje achambue mchele nawe, au akusomee somo lake. Mungu ametukabidhi watoto na nyumba pamoja. Tuvilinde vyote viwili kwa macho yaliyo wazi. Nakutakieni Krismasi ya amani.